Ghala Limejaa, Mtoto Amedumaa

Mazungumzo ya Ofisa wa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo



  Leo hatukuja kuwafundisha a, e, i, o, u. Hizo mmekwisha kuzishinda. Leo tumekuja kuzungumza juu ya sahani ya chakula, na kikombe cha maji kinachokaa kando yake.

Tuanze na swali. Ni mtoto gani anayepata utapiamlo? Wengi wetu tutajibu haraka: ni mtoto wa mahali penye njaa. Jibu hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote.

Mwaka 2022 ulifanyika utafiti wa afya katika nchi yetu. Watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa kimo na uzito. Ilionekana kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania, watoto 30 wamedumaa. Kudumaa maana yake ni mtoto kuwa mfupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wake.

Sasa sikilizeni hili. Mkoa ulioongoza kwa kudumaa ulikuwa Iringa. Hapo walikuwa karibu 57 katika kila watoto 100. Njombe na Rukwa walikuwa karibu 50 katika kila 100. Yaani nusu ya watoto!

Jamani, hiyo si mikoa ya njaa. Hii ni mikoa yetu ya Nyanda za Juu, inayolisha miji. Malori yanakuja hapa kupakia mahindi, viazi, maharagwe na maparachichi. Ghala limejaa, na mtoto amedumaa. Inakuwaje?

Jibu letu la leo ni hili: tatizo letu kubwa si ghala tupu. Tatizo letu ni sahani yenye kitu kimoja, mtoto anayelishwa mara chache, maji yasiyo safi, na mama asiyepata nafasi ya kupumzika. Mambo hayo yote yako mikononi mwetu.

KUDUMAA SI UREFU TU

Wengine husema, "Huyu ni mfupi kwa sababu babu yake alikuwa mfupi." Kweli, ukoo una sehemu yake. Lakini nusu ya watoto wa mkoa mzima hawawezi kuwa wafupi kwa sababu ya babu zao.

Tena kudumaa si jambo la kimo peke yake. Mwili usipopata vya kujengea, hata ubongo haujengwi vizuri. Mtoto huyo huugua mara kwa mara. Akienda shule, masomo humwia magumu. Akiwa msichana, akikua na kupata mimba, kuzaa kunaweza kumpa shida.

Wakati wa kuzuia jambo hili ni mfupi. Huanza siku mimba inapoingia, na huisha mtoto anapotimiza miaka miwili. Tukipiga hesabu, ni kama siku 1,000. Siku 270 ni za tumboni, na siku 730 ni za miaka miwili. Siku hizo zikipita, kurudisha kilichopotea ni kazi ngumu sana.

CHAKULA KINA KAZI TATU

Hebu tufikirie ujenzi wa nyumba. Unahitaji mafundi wenye nguvu. Unahitaji matofali. Halafu unahitaji paa na milango ya kuilinda nyumba. Ukiita mafundi kumi bila tofali hata moja, watakaa chini na kupiga soga. Nyumba haitasimama.

Mwili wetu ni vivyo hivyo.

Kwanza, kuna vyakula vya kutia nguvu. Hivi ni ugali, viazi, mihogo, ndizi za kupika, wali, pamoja na mafuta. Hawa ndio mafundi.

Pili, kuna vyakula vya kujenga mwili. Hivi ni maharagwe, njegere, kunde, karanga, mayai, maziwa, samaki, dagaa, kuku, nyama na hata kumbikumbi. Haya ndiyo matofali.

Tatu, kuna vyakula vya kulinda mwili. Hivi ni mboga za majani na matunda. Majani ya maboga, mchicha, mnafu, karoti, parachichi, papai, chungwa, mapera. Hilo ndilo paa na milango.

Sasa tuangalie sahani zetu. Asubuhi ni uji mweupe au chai na kiazi. Mchana mtoto anakula kiporo cha ugali. Jioni ni ugali na mboga kidogo. Mafundi wamejaa tele, lakini matofali yako wapi?

Hatusemi muache ugali. Nani atalima bila ugali? Tunasema ugali usikae peke yake. Kila mlo tujiulize: ya kutia nguvu ipo? Ya kujenga ipo? Ya kulinda ipo? Ikikosekana moja, tuitafute. Mara nyingi iko nyuma ya nyumba.

Tuongeze mambo madogo ya jikoni. Mahindi yakikobolewa sana, sehemu nzuri ya punje hubaki kwenye pumba, nayo hupewa nguruwe. Dona lina faida zaidi kuliko sembe. Mboga za majani zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe muda mfupi, na tuzitie mafuta kidogo, maana mafuta husaidia mwili kuchukua vitamini A. Chai ya majani tusiinywe pamoja na chakula. Chai huzuia mwili kupata madini ya chuma, ambayo ni kinga ya upungufu wa damu. Tungoje kama saa moja. Lakini chungwa au limau pamoja na maharagwe na mboga husaidia mwili kuyapata madini hayo.

Chumvi nayo iwe yenye madini joto. Zamani nyanda hizi zilijulikana kwa ugonjwa wa rovu, yaani uvimbe wa shingo. Ulitokana na kukosa madini hayo. Chumvi ifunikwe vizuri, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva.

YAI LIMEKWENDA WAPI?

Hapa tuzungumze kwa uwazi, kama ndugu. Kuku wetu anataga. Mayai tunayapeleka dukani. Kwa fedha ile tunamnunulia mtoto soda na biskuti. Mtoto anafurahi, na sisi tunaona tumempenda.

Tuchukue kalamu. Andika bei ya soda moja katika duka la kijiji chako. Chini yake andika bei ya yai moja. Soda ile ingekupa mayai mangapi? Halafu jiulize kuna nini ndani ya soda. Ni maji, sukari na rangi. Ndani ya yai kuna tofali la kujenga mwili, na mafuta, na vitamini.

Hatusemi msiuze. Fedha inahitajika kwa mbolea na kwa sare za shule. Tunasema uuze ukiwa umekwisha kutenga. Katika mayai kumi, tenga ya mtoto na ya mama mjamzito kwanza. Katika debe la maharagwe, tenga ya nyumbani kwanza. Hata parachichi zilizokataliwa na mnunuzi kwa kuwa na alama kwenye ganda, nyama yake ni ileile.

Na ile imani kwamba mjamzito akila mayai mtoto atazaliwa bila nywele, tuiache. Yai halimnyimi mtoto nywele. Mwiko huo unamnyima mtoto matofali kabla hajazaliwa.

UJI WA MTOTO

Mtoto mchanga apewe maziwa ya mama tu mpaka atimize miezi sita. Asipewe maji wala uji. Maziwa ya mama yana maji ya kumtosha, hata wakati wa joto.

Akitimiza miezi sita aanze chakula kingine, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili au zaidi. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 hadi 3 kwa siku. Kuanzia miezi 9 ale mara 3 hadi 4, na katikati apewe kitu kidogo, kama tunda. Tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Hawezi kula mara mbili kama mtu mzima na kungoja mpaka kesho.

Kuna kosa linalotokea katika nyumba nyingi. Uji huwa mwepesi kama maji. Mtoto anakunywa kikombe, tumbo linajaa, lakini amepata unga kiganja kimoja tu. Uji wa mtoto uwe mzito, ukae kwenye kijiko bila kumwagika kirahisi.

Mama mmoja atauliza, "Ukiwa mzito atameza vipi?" Swali zuri. Dawa yake mnaijua. Ni kimea! Ndicho kimea kilekile cha kupikia pombe na togwa. Loweka ulezi usiku mmoja. Uchuje, ufunike kwa kitambaa safi chenye unyevunyevu mpaka uchipue, siku mbili au tatu. Uanike juani ukauke kabisa. Usugue machipukizi yatoke, kisha saga. Pika uji mzito, uache upoe kidogo, tia kijiko kimoja cha kimea, koroga. Utaona uji unalainika wenyewe bila kuongeza maji. Urudishe motoni uchemke tena, kisha mpe mtoto. Basi kimea kisiwe cha baba wa kilabuni tu, kiwe cha mtoto pia.

Katika uji huo tia karanga zilizosagwa, au maziwa, au unga wa dagaa, au yai. Tia kijiko cha mafuta ya alizeti.

Wengine wanachanganya mahindi, ulezi, mtama, ngano na mchele, wakisema ni unga wa lishe. Hebu tufikiri. Hao wote ni mafundi! Umeita mafundi watano wa vijiji mbalimbali, na tofali bado hakuna. Nafaka moja na karanga safi zinatosha kuanza. Ukitaka kutumia soya, ipikwe au ikaangwe vizuri kwanza, maana soya mbichi humsumbua mtoto tumbo. Na usisage unga mwingi wa miezi mitatu. Saga kidogo kidogo.

Jihadharini na kuvu. Mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu waliugua na wengine wakafa kwa sababu ya sumu ya kuvu kwenye mahindi. Sumu hiyo haiishi kwa kupika. Tukaushe mahindi na karanga juu ya turubai, tusianike chini kwenye udongo. Tuchague na kutupa punje zilizooza.

MAMA NA BABA

Mama mjamzito ahudhurie kliniki mapema na ameze vidonge vya kuongeza damu anavyopewa. Ale mlo mmoja zaidi ya kawaida yake. Apunguziwe kuni, ndoo na jembe.

Hapo baba ana kazi. Mama akitoka alfajiri kwenda shamba na kurudi jua linazama, ni nani atamlisha mtoto mara nne? Mtoto anaachwa na dada yake wa miaka saba. Huyo dada naye ni mtoto. Baba akiteka maji, akibeba kuni kwa baiskeli, mama anapata saa moja ya kukaa na kijiko. Saa hiyo ni chakula.

Tena ile desturi ya finyango zote za nyama kwenda kwa baba, na mtoto kupata mchuzi, tuitazame upya. Mchuzi una ladha, lakini tofali limebaki kwenye sahani ya baba.

MAJI NI SEHEMU YA CHAKULA

Tumefika kwenye kikombe. Mtu akila vizuri na kunywa maji machafu, ni kama kujaza mtungi uliotoboka. Akihara, chakula chote kinapita. Mtoto anayehara mara kwa mara hudumaa hata kama analishwa.

Kwa hiyo, maji ya kunywa yachemshwe mpaka yatokote sawasawa. Yapoe yakiwa yamefunikwa, yawekwe katika chombo safi chenye mfuniko. Kata ya kutekea iwe na mpini mrefu, tusitumbukize mikono. Na mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kulisha.

Na sisi watu wazima tunywe maji ya kutosha. Baridi ya nyanda hizi hutudanganya. Hatusikii kiu, basi tunalima kutwa bila kunywa. Jioni kichwa kinauma, tunasema ni jua au ni malaria. Kitazame kipimo ambacho kila mtu anacho: mkojo. Ukiwa mweupe au wa manjano hafifu, maji yanatosha. Ukiwa wa manjano iliyokolea, kunywa maji. Chukua chupa ya maji unapokwenda shamba, kama unavyochukua jembe. Ulanzi na pombe nyingine si badala ya maji. Pombe hutoa maji mwilini. Mama anayenyonyesha anywe zaidi, maana anakunywa kwa ajili ya wawili.

Mtoto akihara, kinachomuua upesi ni kukauka maji. Hapa tuna dawa kubwa iliyo rahisi. Mwaka 1971 kulikuwa na vita huko Bangladesh, na wakimbizi wengi walikimbilia India. Kipindupindu kikaingia kambini, mahali paitwapo Bangaon. Maji ya kutundikia mishipani yakapungua. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya maji, chumvi na sukari ya glukosi, akawapa wagonjwa wanywe. Kabla ya hapo walikuwa wakifa karibu watu 30 katika kila wagonjwa 100. Baada ya hapo wakawa chini ya 4. Sukari hiyo husaidia utumbo kuvuta chumvi na maji kuingia mwilini.

Siku hizi dawa hiyo hupatikana katika pakiti, kwenye zahanati na maduka ya dawa. Soma maandishi ya pakiti. Nyingi ni za lita moja ya maji safi. Ukiikosa, tengeneza nyumbani: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu ya kijiko kidogo. Vijiko vipimwe kwa kusawazishwa, visiwe na kilima. Usizidishe chumvi, ni hatari. Mtoto wa chini ya miaka miwili anywe robo hadi nusu kikombe kila anapohara, kidogo kidogo kwa kijiko. Mkubwa zaidi anywe nusu hadi kikombe kizima. Kikibaki mpaka kesho yake, mwaga, tengeneza kingine. Aendelee kunyonya na kula. Zahanati itampa pia vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14. Vimalizwe vyote.

Lakini ukiona macho yameingia ndani, mtoto amelegea, hawezi kunywa, anatapika kila kitu, au kuna damu kwenye choo, usingoje. Mpeleke kituo cha afya mara moja, huku ukimnywesha njiani kama anaweza kumeza.

KUSOMA KUTUSAIDIE

Kila mtoto ana kadi ya kliniki. Zamani mlimpa nesi kadi, akaandika, mkaifunga kwenye kanga. Sasa mnajua kusoma. Ifungueni! Angalieni mstari wa uzito. Ukipanda, mtoto anakua. Ukilala, kuna tatizo linaanza. Ukishuka, ni hatari. Muulizeni nesi, "Kwa nini umelala?" Mwombeni apime na kimo, maana mtoto anaweza kuwa mnene na huku amedumaa.

Wazee wetu walifanya makubwa kwa njia hii. Mwaka 1973 kulikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 ikaja Chakula ni Uhai. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kutenda. Kuanzia mwaka 1983 vijiji 168 vya Mkoa wa Iringa vilianza mpango wa lishe. Watoto walipimwa uzito kijijini, na matokeo yakazungumzwa na wanakijiji wenyewe. Walipima, wakatafuta sababu, wakatenda, wakapima tena. Utapiamlo mkali ulipungua. Kazi hiyo iliwezekana hapa hapa, kwa majembe na vyungu hivi hivi.

Basi tunawaomba jambo moja la kuanzia. Nyumbani chukua daftari. Chora safu tatu: nguvu, kujenga, kulinda. Ongeza ya nne: maji yaliyochemshwa. Kila jioni weka alama kwa kile alichopata mtoto mdogo wa nyumba yako. Fanya hivyo siku saba. Safu yenye alama chache ndiyo itakayokuambia uanzie wapi.

Tutakaporudi mwezi ujao, tutaomba kuyaona madaftari hayo. 

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini watoto hudumaa hata mahali penye mahindi mengi?

2. Taja vyakula vitano vya kujenga mwili vinavyopatikana katika kijiji chetu. Ni vipi tunauza vyote bila kutenga vya nyumbani?

3. Ni nani anayemlisha mtoto mama anapokuwa shambani? Baba anaweza kusaidia kazi gani?

4. Andika vipimo vya maji ya chumvi na sukari bila kutazama gazeti. Kisha linganisha na mwenzako.